SOMO LA USHAIRI: MOTO, MVUA NA NYUMBA ZA PATE

Leo hatuzungumzi juu ya mbolea wala magonjwa ya kuku. Leo tunasoma shairi. Tunajua wako watakaoguna: "Shairi la nini? Mimi nilijifunza kusoma ili nisipunjwe kwenye mizani, na ili nisome barua ya mwanangu bila kumpa jirani anisomee." Maneno hayo ni ya haki, hatuyapingi. Lakini hebu vumilia kidogo, maana shairi hili lilituingia bila kupiga hodi, na tangu siku hiyo tumebishana sana.

Sisi tunaoandika tuko Mhezi, huku milimani Upare, wilaya ya Same. Ni kikundi cha kusoma. Tukitimia tuko kumi na wanne. Siku ya mvua tuko sita. Wengi wetu tulizijua herufi tukiwa tayari na watoto. Wazee wawili miongoni mwetu walianza zamani, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bado wanakumbuka kushika chaki kwa vidole vilivyozoea mpini wa jembe. Tunakutana mara moja kwa wiki, jioni, katika darasa la watoto. Madawati ni madogo, magoti yanagonga juu, lakini tumezoea.

Masika iliyopita tulimzika mwenzetu mmoja. Alikuwa ndiye msomaji wetu mwenye sauti kubwa kuliko wote. Mkewe naye ni wa kikundi hiki. Baada ya msiba hakuja kwa miezi kadhaa, nasi hatukumsumbua. Alirudi mwishoni mwa Septemba, akakaa nyuma. Siku hiyo tulikuwa na kijitabu cha ufugaji mezani. Akasikiliza kurasa mbili, kisha akasema: "Jamani, naomba tusome kitu cha kufa. Hawa kuku watangoja."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wetu, ambaye ni mstaafu, akasema ana kitabu nyumbani, kina shairi la zamani sana la pwani, linaitwa Al-Inkishafi. Wiki iliyofuata akaja nacho.

SHAIRI HILI NI LA NANI?

Alilitunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Aliishi katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, upande wa visiwa vya Lamu, Kenya ya leo. Neno "inkishafi" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kufunuka, kama pale unapoondoa kitambaa juu ya kitu ukakiona kilivyo. Shairi lina beti zaidi ya 70. Kwa siku nyingi lilihifadhiwa kwa kunakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, maana ndivyo Kiswahili kilivyoandikwa pwani kabla ya herufi hizi tunazotumia sisi. Mwaka 1939 lilitolewa kitabu London, likiwa na tafsiri ya Kiingereza ya William Hichens.

Sasa tazama ramani ya Afrika Mashariki. Tafuta Mombasa. Panda na pwani kuelekea kaskazini mpaka karibu na Somalia. Hapo utaona visiwa: Lamu, Manda na Pate. Pate ndiyo habari yetu. Mji wa Pate ulikuwa na masultani wa ukoo wa Nabahani, na ulikuwa tajiri kweli kweli. Utajiri huo uliletwa na majira. Upepo wa kaskazi, unaovuma yapata Desemba mpaka Machi, ulileta majahazi kutoka Uarabuni na Uhindi. Upepo wa kusi, unaoanza yapata Aprili, uliyarudisha kwao yakiwa na pembe za ndovu na bidhaa nyingine. Mtu wa Pate alingoja kaskazi kama sisi tunavyongoja vuli. Upepo ukija kuna kula, ukichelewa watu wanatazama mbingu.

Kisha Pate ikaanguka. Ilipigana na majirani, na watu wa ndani wakagombania ufalme. Yapata mwaka 1812 jeshi la Pate na wenzao wa Mombasa lilishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, na toka hapo Pate haikurudia hali yake. Upepo wa kaskazi uliendelea kuja kila mwaka kama kawaida. Majira hayajui kama mji umekufa.

Mshairi wetu aliyaona magofu ya nyumba kubwa. Hayo ndiyo anayoyaandika.

LUGHA YAKE

Tuseme ukweli: siku ya kwanza hatukuelewa hata nusu. Mmoja wetu alisema, "Hiki Kiswahili au Kiarabu?" Ni Kiswahili, lakini cha huko kaskazini. Mwalimu akatupa ufunguo mdogo, nao ulifungua milango mingi. Mahali sisi tunaposema "j", wao mara nyingi husema "y": jua ni "yua", moja ni "moya". Mahali sisi tunaposema "ch", wao mara nyingi husema "t": nchi ni "nti", macho ni "mato". Njia kwao ni "ndia", na njaa ni "ndaa". Ukishajua hayo, sikio linazoea. Sisi tunaosema Chasu nyumbani na Kiswahili sokoni tunajua jambo hilo. Hata Chasu cha mlima huu na cha mlima ule havilingani.

Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani kumi, yaani silabi kumi. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja mwishoni. Mshororo wa nne unamalizikia kwa sauti ya "ye", na ni hivyo hivyo katika shairi zima. Kwa hiyo ukisoma kwa sauti unaisikia "ye" hiyo inarudi na kurudi, kama mtu anayepiga msumari ule ule. Tunakushauri usilisome kimya. Sisi tulilisoma kimya kwanza, likalala. Tulipolisoma kwa sauti likaamka.

KWANZA ONA, HALAFU UULIZE MAANA

Kosa letu la kwanza lilikuwa haraka. Ubeti ukisomwa tu, mtu ananyoosha mkono: "Maana yake ni kwamba dunia si kitu." Ubeti mwingine, mkono mwingine: "Maana yake dunia si kitu." Kwa mtindo huo hata shairi la beti mia litaisha kwa dakika tano! Mwalimu akatukataza neno "maana" kwa jioni nzima. Akasema: "Niambieni mnachokiona tu. Kuna nini pale? Nani amesimama wapi?"

Basi tukaanza kuona. Mshairi anaanza kwa kumsifu Mungu na kumsalia Mtume. Kisha anasema anatunga koja, yaani anatunga lulu kwenye uzi kama mkufu wa kuvaa. Halafu anageuka kusema na moyo wake mwenyewe. Anauuliza kwa nini hauamki. Baada ya hapo anauonyesha moyo ule picha moja baada ya nyingine ili uone dunia ni nini.

Anasema dunia ni bahari iliyochafuka, yenye matumbawe, yaani mawe ya baharini yanayopasua vyombo. Hapo tulipita haraka, kwa kuwa kati yetu ni wawili tu waliowahi kuiona bahari.

Lakini picha ya pili ilitushika. Dunia ni kama kisima, na pembeni yake amesimama dume la ng'ombe. Kila anayekaribia kuteka anapigwa pembe, na maji hayapati. Mama mmoja akasema, "Huyo ng'ombe namjua." Tukacheka sana. Kisha tukazungumza juu ya maji kwa nusu saa, juu ya ndiva yetu na zamu zake. (Kwa wasomaji wa mbali: ndiva ni bwawa dogo la kienyeji la Wapare. Maji ya kijito yanakusanywa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu.) Mwalimu alituacha tuseme, halafu akauliza: "Katika kisima cha mshairi, kuna zamu?" Tukatazama tena. Hakuna zamu. Kisima hicho hakimpi mtu hata siku moja. Kumbe ndiva yetu si kisima chake. Tulikuwa tumeanza kusoma ndiva badala ya kusoma shairi.

Picha nyingine ni ya vumbi linaloonekana katika mwanga jua linapochomoza. Linang'aa, unanyoosha mkono ulishike, unafungua kiganja, hamna kitu. Hii kila mtu anaijua. Asubuhi jikoni moshi na vumbi hufanya hivyo kwenye tundu la ukuta. Ya nyingine tena ni ya mazigazi. Jua likiwa utosini, mwenye kiu anaona maji yanametameta mbele yake, anakimbilia, anakuta jua tupu. Sisi wa milimani hatuyaoni mazigazi kwetu. Lakini ukishuka bondeni wakati wa kiangazi, ukaifuata barabara kuu kati ya Same na Hedaru saa sita mchana, unayaona. Barabara inakuwa ziwa. Kijana wetu anayeendesha pikipiki alisema amelikimbilia ziwa hilo mara nyingi, na hajawahi kulowa.

UBISHI WA MOTO NA MVUA

Sasa tunafika palipotugawa.

Mshairi anauambia moyo wake kwamba maisha ni kama taa iliyowekwa mahali pa upepo. Itazimika wakati wowote, na ikizimika huna la kufanya. Kisha anatoa mfano mwingine: moto mkubwa, unavuma vichakani. Mara wingu linashuka na mvua. Moto umezimika, hauwaki tena.

Tuliposoma hapo ilikuwa Oktoba. Nje tulikuwa tunauona moshi katika mashamba mawili matatu, maana watu walikuwa wakisafisha kungoja vuli. (Tunajua mabwana shamba hawapendi mabaki yachomwe, na wana sababu zao nzuri, tena moto ukiponyoka unapanda msituni. Hapa tunazungumza shairi.) Mzee mmoja wa wale wawili akasimama kabisa, hakunyoosha mkono. Akasema:

"Mimi huyu bwana simwelewi. Mvua imeshuka, moto umezimika, yeye analia. Sisi tunawasha moto ule kwa ajili ya mvua ile! Moto ukizimwa na mvua, mkulima anasema ahsante Mungu, anakwenda kuchukua mbegu. Huyu hakulima hata siku moja."

Wengi tukasema ndiyo, ni kweli. Hata mwandishi wa maneno haya alisema ndiyo. Tukaanza kuligeuza shairi. Tukasema mvua ile ni rehema. Tukasema kufa ni kama shamba kusafishwa, kisha vuli inakuja, kisha mche unatoka. Maneno mazuri. Mkristo mmoja akaongeza kwamba habari ya majira na wakati wake imo katika kitabu cha Mhubiri, na mzee wa Kiislamu naye akasema mvua katika Kurani ni ishara ya kufufuliwa. Tulikuwa tumekubaliana dini zote, jambo ambalo si la kila siku. Tukamtazama yule mama mfiwa, tukidhani tumemfariji.

Akasema taratibu: "Katika picha ile mimi sikuona mbegu."

Tukanyamaza. Mwalimu akasoma ubeti tena. Kweli, mbegu haimo. Kuna moto, kuna wingu, kuna mvua, basi. Mbegu tuliileta sisi mifukoni mwetu.

Halafu akasema mtu mwingine, baba ambaye husema mara chache. Alitukumbusha Novemba ya mwaka 2009. Wengi wetu tunaikumbuka. Vuli ile ilikuwa kubwa, na huko Goha, Mamba Miamba, katika wilaya yetu hii hii ya Same, mlima uliporomoka juu ya nyumba za watu. Wengi walifukiwa, na watoto wakiwemo. Yule baba akasema: "Mvua si rehema kila mara. Kuna mvua inashuka na nyumba zinazimika. Huyu mshairi anasema juu ya mvua ya namna hiyo. Msimfundishe kulima."

Mzee wa kwanza hakukubali. Akajibu kwamba hata baada ya 2009 watu walilima. Akajibiwa kwamba kulima si kujibu. Sauti zikapanda kidogo. Ndugu msomaji, hatukumaliza ubishi huo jioni ile, wala hatujaumaliza.

Lakini sisi tunaoandika tunalo la kusema. Tunaona mzee ana haki juu ya mvua, ila hana haki juu ya ubeti. Mkulima anajua jambo ambalo mtu wa mjini Pate huenda hakulijali: moto wa shamba una kazi yake, na mvua ina kazi yake, na moja humwachia nafasi mwenzake. Hilo ni elimu, tusilitupe. Lakini mshairi hakuwa anasema juu ya shamba. Alikuwa anasema juu ya mtu mmoja, anayewaka, anayevuma, anayedhani atavuma daima. Mtu huyo hazaliwi tena msimu ujao kama mahindi. Mahindi ya mwaka huu si yale ya mwaka jana, na aliyekufa masika hakurudi vuli. Mama yule alilijua hilo kuliko sisi, kwa hiyo alikisoma kilichoandikwa. Sisi tulisoma tulichotaka kumwambia.

NYUMBA ZA PATE

Wiki iliyofuata tulifika kwenye nyumba. Hapa ndipo shairi linapopendeza na kutisha pamoja, nasi tulikaa hapo jioni mbili.

Mshairi anatuingiza katika nyumba za matajiri zilivyokuwa. Taa za vioo na za shaba zinawaka, usiku unakuwa mchana. Ukutani kuna zidaka, yaani vijishubaka vilivyojengwa safu kwa safu, na ndani yake vimepangwa vyombo vya kaure kutoka China. Kuna vitanda, na mito ya kulalia. Watu wanatembea kwa maringo, shingo zimepinda kwa kiburi.

Kisha anatuingiza tena katika nyumba zile zile. Makinda ya popo yananing'inia. Hakuna sauti ya mtu. Buibui wametanda. Katika zidaka, mahali pa vyombo vya kaure, ndege wa porini wameweka makinda yao. Bundi wanalia. Uani yameota magugu na vichaka. Na wenyewe wako wapi? Wako kaburini, penye dhiki na wadudu.

Hakuna aliyeuliza maana hapo. Kila mtu aliwaza nyumba moja. Hatutaitaja ni ya nani; kila kijiji cha mlimani kinayo. Mwenyewe aliijenga kwa jasho, matofali ya kuchoma, bati, madirisha ya kioo. Watoto wake wako Dar es Salaam, Arusha, Tanga. Wanampenda baba yao, walimzika vizuri, magari yalijaa. Kisha walifunga mlango wakaondoka, na funguo wanazo wao. Sasa popo wanatoka kwenye dari saa kumi na mbili jioni, wengi, kama moshi. Dirisha moja limevunjika. Magugu yamefika kizingitini.

Mama mmoja aliuliza: "Sasa mtu asijenge?" Hilo lilikuwa swali la kweli, si la kupoteza wakati, maana ana tofali elfu mbili uani kwake zinangoja fedha ya bati. Na mama mfiwa naye alikuwa na swali lake ambalo hakulisema, lakini tulilijua: shamba lake la maharage lilikuwa halijaguswa, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima kila jioni. Je, shairi linamwambia aliache?

Tukarudi kitabuni kutafuta. Tulitazama ubeti kwa ubeti mahali mshairi anapokataza kujenga, au kulima, au kuuza na kununua. Hatukupaona. Anachokisema ni kwamba watu wale walidanganyika na walivyokuwa navyo, wakasahau. Na tukaona jambo ambalo tulilipita siku ya kwanza bila kulijali: anasema na moyo wake. Hamwambii jirani, "Wewe tajiri utakufa." Anasema, "Wewe moyo wangu." Hata anapozitazama nyumba za wengine, anayemkemea ni yeye mwenyewe. Kijana wa pikipiki akasema kwamba mahubiri mengi aliyoyasikia yanaelekeza kidole nje. Hili limeelekeza ndani. Tukaona amesema vizuri.

Yule mama mfiwa akaomba kitabu. Akasoma mwenyewe, kwa kidole, polepole, ule ubeti wa ndege katika zidaka. Akausoma mara mbili. Kisha akasema: "Hao ndege wamepata nyumba."

Mzee wa moto akaruka: "Ehe! Si nilisema? Mbegu ndiyo hiyo!"

Mama akatikisa kichwa. "Babu, mbegu sijasema. Nimesema ndege wamepata nyumba. Mwenye vyombo vyake harudi. Yote mawili yameandikwa hapa."

Sisi tunafikiri huu ndio usomaji bora kuliko wote tuliousikia kwa majuma yale matatu. Mshairi aliwaweka ndege pale kuonyesha ukiwa. Hilo ni wazi, huwezi kusema vingine. Hakuwafurahia. Lakini kwa sababu aliona sawasawa na kuandika alichokiona, aliandika pia kwamba wana makinda. Msomaji anaruhusiwa kuyaona makinda hayo, mradi asimfute mwenye nyumba.

TUSIRUKE MWISHO

Tuliposikia mwisho wa shairi ni habari za siku ya hukumu na za moto wa jehanamu, wengine walitaka tuishie kwenye magofu. Walisema inatosha. Mzee wetu wa Kiislamu akakataa. Akasema shairi hili limetungwa na mcha Mungu aliyeamini hayo yote, na tukilikata likabaki magofu na popo, tutakuwa tumemnyang'anya mtu kitu chake. Tukalisoma mpaka mwisho. Si lazima kila msomaji akubaliane na mshairi, lakini kumsikiliza mpaka amalize ni adabu. Kwa wale wa dini nyingine, huo ulikuwa mtihani kidogo, nao waliufaulu.

KAZI YA KUFANYA

Ikiwa mko katika kikundi, jaribuni hivi. Mtu mmoja asome ubeti kwa sauti mara mbili. Kwa muda fulani mtu yeyote asitaje neno "maana". Atakayelitaja akachote maji ya kunywa. Semeni mnachokiona tu. Baada ya hapo mjiulize: ni kipi kimeandikwa, na ni kipi tumekileta sisi? Vyote viwili viandikwe ubaoni, kila kimoja upande wake. Sisi tulishangaa jinsi upande wa pili ulivyojaa.

Na haya ni maswali yetu, ambayo hatujayamaliza. Mshairi wa Pate alijua upepo wa kaskazi na wa kusi. Kwa nini, kwa maoni yenu, alichagua mvua na moto kuonyesha kufa? Angekuwa ameishi Mhezi, angechagua nini? Je, nyumba iliyofungwa ni sawa na nyumba iliyoanguka? Na yule mzee aliyesema kwamba mvua ni ya kushukuru, mngemjibuje kama mngekuwa nasi, na huku nje imeanza kunyesha?

Maana ilianza kunyesha kweli, Jumatano ya tatu, tukiwa bado ndani. Bati lilipiga kelele, hatukusikilizana, tukafunga kitabu. Wengi tulikimbia. Mama mfiwa alibaki mlangoni akiitazama mvua kwa muda, kisha akamwuliza mzee kama ana mbegu ya maharage ya kumkopesha, debe moja tu, yake ya mwaka jana imebunguliwa. Mzee akasema anayo. Hakuongeza neno lolote, na kwake yeye hilo si jambo rahisi.

Tukimaliza palizi tutaanza Utendi wa Mwana Kupona. Huo ulitungwa mwaka 1858 na mwanamke wa kisiwa hicho hicho cha Pate, mgonjwa, akimwachia binti yake maneno. Akina mama wa kikundi wameshasema kwamba safari hii watasoma wao kwanza, na wanaume watachota maji.